Maiki Iliyovuta Mbali

Jumamosi saa nne kasorobo asubuhi, Rispa alibisha mlango wa mzee Patrobas kule Kaloleni akiwa na kikapu cha sukuma wiki. Chini ya sukuma kulikuwa na maiki ya mezani. Ilikuwa 1983, na tangu wanajeshi walipojaribu kupindua serikali Agosti ya mwaka uliotangulia, mtu aliyeonekana na kitu chochote cha redio alikuwa na maswali ya kujibu. Mzee alitoa sukuma, akaiweka kwenye karai, kisha akafunga mlango kwa komeo.

Patrobas alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli. Kati ya mafundi wa Eastlands, hakuna aliyejua kama yeye hizi maiki za kizamani zenye betri tumboni: chuma kizito, kitufe kirefu cha kubonyeza unaposema, na kigurudumu kidogo cha kuongeza nguvu. Rispa alikuwa karani wa redio katika kampuni ya malori huko Industrial Area.

"Ina shida gani?"

"Inatoa sauti ya Kabiru."

Mzee alivaa miwani. Kabiru alikuwa dereva aliyepotea na lori wiki tatu zilizopita. Bosi aliwaambia polisi kwamba ameiba lori na sukari yake, akavuka mpaka kuingia Uganda. Mkewe, Wacuka, alikuwa akija getini kila siku kuuliza.

"Betri ulibadilisha lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na kigurudumu ulikirudisha?"

Rispa aliangalia chini. Ah, hapo ndipo makarani wote huharibu! Betri ikianza kuchoka, karani anaongeza kidogo, kesho kidogo tena, mpaka kigurudumu kinagota. Halafu anatia betri mpya na kukiacha vilevile, na maiki inameza kila kitu: feni, taipureta, kuku wa jirani. Ya Rispa ilikuwa imefika mbali zaidi.

Mzee alifungua skrubu nne. Alisugua shaba iliyoota kutu ya kijani kwa spiriti na mswaki mkuukuu, akalehemu waya mmoja uliokuwa umelegea. Kisha akatoa, nyuma ya gunia la makaa, redio ambayo hakuwa na kibali chake, akaiunganisha na maiki. Redio nyingine ya kusikilizia akaiweka kitandani. Hayo peke yake yalitosha kumfunga. Akabonyeza.

"Moja, mbili."

Redio ya kitandani ikasema moja, mbili, na nyuma yake Kabiru akasema taratibu: "Rispa, sasa? Mwambie Wacuka niko chini ya kona ya tatu ya mteremko wa Mai Mahiu, kwenye vichaka vya leleshwa. Sijavuka popote. Si nilikuambia breki haishiki?" Ikafuata sauti ya Rispa mwenyewe: "Bosi anasema endelea." Halafu vyuma vikigongana, kwa muda mrefu.

Patrobas aliachilia kitufe. "Inavuta mbali hii," akasema.

"Mzee, mimi naogopa. Bosi amesema ikimtoa tena Jumatatu, makachero wa Landrover watakuja kuniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa hewani."

"Na Wacuka je?"

"Si nimekuambia naogopa!"

Mzee pia aliogopa, kwa hiyo hakumlaumu. Alirudisha kigurudumu hadi nusu, na Kabiru akasikika kama mtu anayeongea ndani ya debe. Alipofika robo, Kabiru alinyamaza. Rispa akashusha pumzi. Lakini ile sauti yake mwenyewe haikupungua hata chembe. Mzee alikirudisha kigurudumu mpaka sifuri, akachomoa betri, akabonyeza tena. Bosi anasema endelea, redio ya kitandani ikasema, kwa adabu zote za ofisini.

"Hiyo siwezi kuitoa, mama," Patrobas alisema. "Haitegemei betri." Akairudisha betri, akafunga skrubu, akampangia sukuma yake juu.

Jumatatu bosi alikwenda uani akaisikiliza kwenye redio ya lori lililoegeshwa chini ya dirisha la ofisi. Alimwambia Rispa abonyeze mara ya pili, na redio ya lori ikarudia bila Kabiru: Bosi anasema endelea. Kisha akarudi ndani akijipangusa mikono.

"Iko sawa," akasema. "Iache hivyohivyo."

Saa tano Wacuka aliingia ofisini, viatu vyake vimejaa vumbi. "Dada yangu, hakuna habari leo pia?"

Rispa aliweka kidole kwenye kigurudumu. Redio ya lile lori la uani ilikuwa bado inawaka, na dirisha lilikuwa wazi. Angeongeza kidogo tu na kubonyeza, na Kabiru mwenyewe angemwambia mkewe ni kona gani. Kidole kilikaa pale. Bosi alikuwa amesimama mlangoni akichokonoa meno.

"Bado wanamtafuta Uganda," Rispa akasema.

Wacuka alisema asante, akaondoka kwa miguu kuelekea Majengo.

Saa nane mchana dereva Njogu aliita kutoka juu ya mteremko wa Mai Mahiu, akiwa na shehena ya mbolea. "Ofisi, breki inazama mpaka chini. Nisimame ama?"

Bosi alikuwa ametoka kwenda kula. Hakukuwa na mtu mwingine ofisini. Rispa alilijua neno la kusema: simama, Njogu, shuka kwenye hilo gari. Alilirudia moyoni mara tatu ili lisimponyoke. Akabonyeza kitufe, akaachilia kidogo apate pumzi, na kabla hajafungua mdomo Njogu alikuwa ameshajibu.

"Sawa, dada," akasema. "Nimekusikia."