Ndirangu Kwenye Mbingu Nyekundu

Ndirangu alipofariki, binti yake Beth alinifuata Kitale kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Hakuwa amemwona babake tangu akiwa mdogo. Watu walimwambia, muulize Mzee Nyongesa, hao wawili walikuwa wanatembea pamoja wakiuza mitumba, na simu yake imejaa picha.

Ni kweli, simu yangu imejaa. Tulikuwa tunatoka kabla ya jua, leo soko la Chwele, kesho la Kamukuywa, na mbingu ikigeuka rangi ya machungwa na zambarau mimi lazima nisimame nipige picha. Ndirangu alikuwa ananicheka. "Piga tu, bana. Mbingu haitanunua suruali."

Beth alipitisha picha moja moja na kidole. "Ati zote ni mawingu, mzee?"

"Ngoja. Hapo yuko."

Alikuwa amesimama barabarani na mzigo mgongoni. Nyuma yake kote kumewaka nyekundu, na yeye mwenyewe mweusi kama mkaa. Beth akaivuta ikawa kubwa. Uso haukuonekana.

"Mochari nimemwona," akasema, "lakini ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Alikuwa anafanana na mimi?"

Nikamwambia pua ni ile ile. Sikuwa na hakika.

Alienda kuichapisha hiyo hiyo. Siku ya mazishi watu walipita mbele ya jeneza, wanainama, wanauliza, "Yuko wapi?" Beth akawa anawaonyesha na kidole pale peusi, mmoja baada ya mwingine.