Picha Zisizo na Meno

Ukoo wa seremala haukuchekea kamera. Marehemu babu aliapa kwamba picha ni heshima na meno si heshima, basi hata picha za harusi ukizitazama ungeuliza aliyefariki ni nani. Mbuzi wao aliwahi kuingia pichani, naye akanuna.

Sasa heshima hiyo ilikuwa inamtokea seremala puani. Binti yake aliandikiwa vidonge vya chunusi. Uso ukatakata kama sahani, moyo ukaingia giza. Akaacha chuo, akajifungia chumbani, akawa analia bila sababu. Familia ikaishtaki kampuni ya dawa kwa kutoonya kwamba vidonge huweza kuvuruga akili. Wakili wa kampuni naye akatandaza albamu nzima mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, huzuni hii ilikuwepo kabla ya dawa. Hapa ana keki mkononi, kanuna."

"Hatucheki pichani," alisema seremala. "Nimelisema hilo mpaka ulimi umeota sugu."

"Nani alimsikia akicheka, ukiacha ndugu?"

Seremala akashusha pumzi. Aliyemsikia alikuwepo: jirani wa ukuta mmoja, ambaye hawakusalimiana naye kwa sababu ya kicheko hichohicho. Kesi ilipoahirishwa, akameza kiburi kichungu kama shubiri, akapiga hodi.

"Leo umepotea njia?" jirani aliuliza.

"Naomba uje utoe ushahidi kuhusu binti yangu."

"Nimtetee? Si ndiwe uliyeniambia nizibe masikio kwa unga wa mbao?"

"Usimtetee, mama. Mlalamikie tu, kama ulivyozoea."

Akaja, kajifunga kibwebwe.

"Mheshimiwa, mtoto yule alikuwa kero. Kicheko chake kilipenya ukuta kama msumari. Niligonga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Alipoanza hivyo vidonge, kimya. Siku hizi nasinzia mchana bila bughudha, na wala sipendi."

"Wewe ni rafiki wa familia hii?" wakili aliuliza.

"Rafiki? Hata chumvi siwaombi."

Wakili akafunga albamu. Hakimu akaamua madai yana msingi, yaendelee kusikilizwa.

Nje, kwenye benchi la korido, binti alimgeukia jirani.

"Nilikuwa nacheka hivyo kweli?"

"Kama jenereta, mwanangu."

Binti hakucheka. Alisogea, akampisha akae.

"Nisimulie," akasema.