Laurean Aliyebaki Kwenye Koti

Chavua ilikuwa imeshayapaka magari yote ya maegesho rangi ya njano Jumamosi ile Laurean alipoamua kubadilisha nguo za msimu. Alitandaza kila kitu kitandani: masweta, makoti ya baridi, na suruali nzito za kazini ambazo fundi cherehani wa barabara ya Route 7 alikuwa amezitanua kiunoni mpaka kitambaa cha kutanulia kikaisha. Alikuwa amesoma mahali kwamba mwanamume wa umri wake anapaswa kuyaingia majira ya machipuko akiwa mwepesi. Yeye hakuwa mwepesi tangu binti yake Flaviana aanze darasa la kwanza, lakini suruali mbili za kitani alizonunua zilikuwa nyepesi, na hiyo akaihesabu kuwa hatua.

Alivaa moja, akasimama mbele ya kioo, akavuta tumbo ndani. Akaona sura ya mtu anayekaribia kuzimia. Akaliachia.

Mwisho kabisa wa kabati alilikuta koti la sufu la kahawia alilonunua mtumbani Dar, akashuka nalo Marekani, uwanja wa ndege wa Dulles, Januari moja ya zamani, mwaka aliokuja kusomea kompyuta. Alilivuta ili alitie kwenye mfuko wa nguo za kugawa. Halikuja. Lilikuwa zito kwa sababu Laurean wa wakati ule alikuwa bado yumo ndani yake. Ulianza kutoka mkono, kikafuata kichwa, kisha akashuka zuliani mzima, mwembamba, na nywele zake zote.

"Shikamoo mzee," akasema.

Laurean hakuipenda, lakini salamu ni salamu. "Marahaba. Karibu."

"Euphrasia yuko wapi?"

"Amelala. Ametoka zamu asubuhi."

"Basi tusimpigie kelele," alisema yule kijana. Akatundika koti, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo. Laurean alimfuata akamweleza kwamba vyombo vile alikuwa na mpango navyo. Kijana aliitikia kwa heshima, akaendelea kusugua sufuria.

Mchana Euphrasia aliamka, akamkuta yule kijana akikausha sahani, na mume wake amesimama mlangoni amevaa suruali ya kitani ambayo bado ina lebo. Aliwatazama wote wawili.

"Ametokea wapi huyu?"

"Kwenye lile koti la kahawia."

"Mimi kila siku nakwambia, Baba Flavi, ukague nguo kabla ya kutundika." Akafungua friji. "Amekula?"

Walikula pamoja. Flaviana, aliyezaliwa huku na anayeelewa Kiswahili chote ila hajibu kwa lugha hiyo, alimtazama mgeni, akasema kwa Kiingereza kwamba sasa anaona pua yake ilikotoka. Kijana alimkatia Euphrasia ndizi, akamsogezea chumvi, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Shule ya uuguzi inaendaje, Euphrasia?"

"Sijaanza."

"Lakini tulisema nikimaliza mimi, zamu yako."

"Ulishamaliza."

Kijana akamgeukia Laurean. Laurean akatazama ndizi zake. Alieleza kwamba mambo yaliingiliana: mtoto, halafu cheti cha pili cha kazini, halafu cheo, halafu kuhama nyumba. Alipokuwa akiyasema alijisikia anaongea kama anavyoongea ofisini mfumo unapoanguka na hakuna mwenye kosa. Euphrasia alikuwa bado msaidizi katika nyumba ya wazee upande wa Fairfax, akiwageuza watu vitandani na kuwaita wauguzi waje kuwapa dawa.

Kijana alikaa. Alilala sebuleni, alipiga pasi sare za Euphrasia, alimsindikiza mpaka kwenye gari akiwa amembebea mkoba. Jikoni kukawa na vicheko ambavyo Laurean alivisikia akiwa chumbani anachagua mkanda. Aliona wivu, na shida ya wivu ule ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumlalamikia, angejishtaki mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa ya Kiswahili, alimweleza rafiki yake Fidelis, mtumishi wa serikali anayekaa Bowie, mtu wa ushauri mzuri.

"Mimi wangu yuko kwenye suti ya harusi," Fidelis alisema. "Namsikia nikifungua kabati. Nimemwacha humohumo. Anaongea sana."

"Anasema nini?"

"Anaahidi."

Jioni moja Laurean alisimama nyuma ya pazia la mlango wa roshani, ati anatafuta chaja. Nje, Euphrasia alikuwa amekaa na yule kijana, miguu yake imevimba, viatu vya kazi pembeni.

"Chuo kinapokea watu Agosti," alisema Euphrasia. "Safari hii nataka niende."

Laurean alishika pazia. Alijua angesema nini yeye, na kwa mara ya kwanza alitamani asikie kitu kingine. Kijana alitoka enzi za kabla ya yote yale. Hakuwa na cheo cha kulinda, wala tumbo.

Kijana aliushika mkono wa Euphrasia kwa mikono yake miwili.

"Utakwenda, Euphrasia, nani atakuzuia? Ila niache kwanza nijipange. Unaona, nimefika juzi tu, sina hata nguo za kwendea kazini. Nikishakaa sawa, zamu yako."

Euphrasia aliinama akavisogeza viatu vyake.

"Mwakani?"

"Mwakani."

Alisema vizuri sana, kwa macho yasiyopepesa, na alikuwa akiyaamini yote. Laurean alikumbuka kwamba yeye pia aliyaamini. Akapata nafuu, na baada ya nafuu ikaja aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa ndogo, imembana kama shati lililonunuliwa bila kujaribiwa. Akaivua kabla ya kulala.

Jumamosi iliyofuata kijana aliomba ajaribu ile suruali ya pili. Ilimpwaya, lakini rangi ilimpendeza, na Laurean akamwonyesha namna ya kukunja mikono ya shati ili ionekane kama imejikunja yenyewe. Wakasimama bega kwa bega mbele ya kioo. Jikoni, sinki ilikuwa imejaa vyombo.

Euphrasia alipita akiwa na sare. Alikuwa ameomba zamu za Jumapili pia, maana nyumba ilikuwa imeongezeka mtu.

"Mama Flavi," kijana alimwita, "hebu tutazame. Nani imemkaa zaidi?"

Euphrasia alisimama mlangoni. Aliwakagua kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, kama anavyowakagua wazee wake kabla ya kuwageuza.

"Wewe ipeleke kwa fundi," alimwambia kijana. "Na wewe pumua."

Akachukua funguo, akatoka. Walisikia gari likiwaka, likirudi nyuma, likiingia Route 7. Nyumba ikatulia. Kisha mmoja wao, haijulikani yupi, akauliza kama viatu hivi vinavaliwa na soksi au bila.