Kimbunga Chenye Jina la Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Galveston, mji ulio kisiwani huko Marekani, nimevaa kanga ya kupikia na mimba yangu ya miezi saba. Marekani sijawahi kufika. Kusema kweli hata bahari sijaiona. Mimi ni mtu wa Usangi, milimani Upareni, na maji mengi niliyowahi kuyaona pamoja ni ya mfereji wa shambani. Lakini hakuna aliyeniuliza nimefikaje, nami sikujisumbua kueleza.

Mji mzima ulikuwa umepandishwa juu ya jeki. Nyumba, kanisa, hata mabanda ya kuku, vyote viko juu, na watu wanazungusha jeki polepole huku wakipiga soga. Nikamwuliza mama mmoja kulikoni. Akaniambia kimbunga kinakuja, na wao walishapata funzo.

Redio iliyokuwa dirishani ikakohoa kidogo. "Kimbunga kinachofuata," ikasema, "kinaitwa Nakunda."

Nikasimama. Nakunda ni jina la mama yangu, aliyetutoka mwaka juzi. Tena ni jina la huyu aliye tumboni, maana kwetu binti wa kwanza humrithi bibi wa upande wa baba, wa pili humrithi bibi wa upande wa mama, na kliniki wameshaniambia huyu wangu wa pili naye ni binti. Mwenye ukaidi ni mume wangu, Mbonea. Yeye anataka Glory, eti linapendeza kwenye cheti. Tumebishana hadi majirani wamechagua pande.

Nikaiuliza redio jina hilo wamelitoa wapi. Ikajibu kwamba walikuwa wamefika herufi ya N, na lilikuwa zuri.

Ukutani kipimo cha mgandamizo wa hewa kikaanza kushuka. Kilishuka kwa ngazi, kikishika kila kipago kama mzee anayetoka darini, na kilipofika chini kikanielekeza barazani kwa wastaafu.

Barazani vimeketi vimbunga vya zamani, miguu imelowa, vinakunywa kahawa. Camille wa mwaka 1969 ananipisha nikae. Katrina yuko pembeni, maji yanamchuruzika viatuni. Camille ananieleza utaratibu: kimbunga kikiua watu na kugharikisha pwani, jina lake hustaafishwa. Halitumiki tena.

"Halitumiki kwa vimbunga," nikasema.

"Halitumiki kwa yeyote," akasema Camille, akamwonyesha mama aliyekuwa anauza kahawa. "Yule ni wajina wangu. Hebu mwite."

Nikafungua kinywa kumwita. Ukatoka upepo mtupu. Mama wa kahawa akaendelea kumimina, keshazoea.

Hapo niliogopa kweli. Nakunda akiipiga pwani hii, watu hawa na jeki zao watakufa maji, na mwanangu atazaliwa jina la bibi yake limeshafungiwa. Hata kwenye sala sitaweza kumtaja mama. Nikasema haiwezekani, nikauliza kimbunga kinazuiwaje.

Aliyejibu alikuwa mzee mmoja wa kona, kimbunga cha mwaka 1900, kile kilichoifunika Galveston kwa bahari. Zama zile vimbunga havikupewa majina kwa utaratibu huu, kwa hiyo yeye hajastaafishwa mpaka leo. Bado alikuwa na viatu vya kazi miguuni.

"Mwenye jina ni mgeni," akasema. "Mgeni hubisha hodi. Akibisha mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Mimi sikuwa na jina. Niliingia tu."

Nikashusha pumzi. Nikasema basi ni kazi ndogo, watu wa hapa hodi hawaijui, nani atamwitikia?

Mzee akanitazama mimi. "Jina ni la kwenu. Atabisha kwako."

Nikageuka, na mlango wa baraza ulikuwa mlango wa nyumba yangu Usangi, ule wa bluu. Sebuleni kumejaa watu wa Galveston, wamekaa juu ya jeki zao na watoto mapajani, wananitazama. Mbonea yuko mezani anakunywa uji, kama vile wageni hao tuliwaalika.

"Mimi komeo langu ni bovu, unajua," mlango ukaniambia. "Usinitegemee. Tegemea mdomo wako."

Bahari inapanda mlima. Nachungulia dirishani naliona jicho la kimbunga, na jicho ni la mama, lile la kushoto lenye ukungu. Linatafuta namba ya nyumba.

"Hodi," kikasema.

Ilikuwa sauti ya mama, ile ya kurudi sokoni na mkungu wa ndizi kichwani. Mtu aliyelelewa vizuri kwetu, neno "karibu" humtoka kabla hajajua aliye nje ni nani. Lilinifika ulimini. Nikatia pindo la kanga mdomoni, nikauma.

"Hodi, mwanangu. Nimelowa."

Nililia, sifichi. Tangu tumzike nimetamani kumfungulia mlango mara moja tu, nimpe kiti, nimpe taulo. Lakini nikawatazama wale watoto mapajani, nikashika tumbo langu, nikazidi kuuma kanga.

Nilikuwa nimemsahau Mbonea. Mume wangu ni mtu wa adabu, hata mwizi angemwuliza kama ameshakula. Akaweka kikombe chini, akafuta midomo. "Mbona hamumkaribishi mama?" akasema, akavuta pumzi ya kuitikia. Niliruka na tumbo langu lote, nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi," kikasema nje, taratibu.

Sebule nzima kimya. Jeki moja ililia kidogo, ikajizuia.

"Haya," ikasema sauti ya mama. "Naona mmelala. Nitarudi siku nyingine, nikiwa mtu."

Maji yakaanza kuteremka mlima.

Niliamka kumekucha, kiganja changu kiko juu ya mdomo wa Mbonea. Naye yuko macho. Nikautoa mkono.

"Mbona ulinizuia?" akaniuliza. "Mama yako kabisha mpaka kaondoka."

Niliinuka nikaenda kufungua mlango. Sasa ni kiangazi, vumbi mpaka kwenye sufuria, lakini ukuta wa nje ulikuwa umelowa hadi usawa wa magoti, umepigwa mstari ulionyooka kama wa fundi. Kizingiti kimelowa upande wa nje. Upande wa ndani kikavu. Nikagusa ukuta kwa kidole, nikaonja. Chumvi.

Mbonea akaja, naye akaonja. Akaonja tena. Akaweka mikono kiunoni.

"Lile Glory," akasema, "tutampa ndama."

Mtoto akanipiga teke tumboni. Akapiga la pili. La tatu sikulingoja.

"Karibu," nikasema.