Moshi wa Joab, Mawimbi ya Kipyegon

Marehemu mume wangu, Kipyegon, alipima mvua ya shamba la majani chai hapa Kimulot miaka kumi na tisa. Alisema kuna asubuhi ambazo upepo ukishuka kutoka msitu wa Mau huja ukirukaruka, kama maji ya mto yaliyopita juu ya jiwe, hata mbingu ikiwa safi. Alama yake ilikuwa moshi wa kiwanda: ukipanda, ukainama, ukapanda tena, basi mawimbi yako juu.

Joab, anayetia kuni kwenye boila ya kiwanda, alimcheka mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa ziwani. Alisema mawimbi anayajua, na hayakai bila maji.

Februari mwaka jana ilikuja ndege ya utafiti, yenye fimbo ndefu puani ya kupima upepo, ikitafuta mawimbi kama hayo. Mtafiti wao, Christabel, alisoma daftari la Kipyegon mezani kwangu, akanywa vikombe vitatu vya chai, akaniachia namba. Walikuwa wameruka mara nne na hewa ilikuwa imetulia kama maziwa kibuyuni. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Nikiona alama nipige. Nisipopiga, wanaenda zao.

Ijumaa mbingu ilikuwa bluu tupu, lakini bomba la kiwanda halikuwa na moshi. Kiangazi majani ni machache, boila ingewashwa saa nne. Nilimwendea Joab nikamwomba awashe mapema. Alilalamika kwamba kuni kavu hazina moshi wa maana, huku tayari anachagua mbichi.

“Shemeji, nikishikwa nitasema marehemu ndiye alinituma.”

Moshi ukapanda. Ukainama juu ya majani chai, ukapanda, ukainama tena. Niliishika simu nikiogopa: nikikosea, watamcheka Kipyegon hata kaburini. Nikapiga.

Tuliiona ndege ikienda na kurudi, ndogo kama nzi. Saa saba Christabel akapiga, nikaweka sauti kubwa Joab asikie. Walirushwa juu na chini mara sita, kwa mpangilio, na vyombo viliandika yote.

“Chai ya rubani iko kwenye dari,” akasema.

Joab alivua kofia, akazunguka nyuma ya nyumba, kaburini.

“Kipyegon, sawa, umeshinda. Lakini moshi ulikuwa wangu.”

Jioni nililifungua daftari, nikaandika chini ya mwandiko wake: Ijumaa, mbingu safi, mawimbi sita. Moshi wa Joab.