Mgongo wa Sikudhani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mlangoni mwa karakana yetu ya kushona sare za shule, Morogoro, nikiita majina ya mafundi. Mimi ndiye msimamizi wao.

"Sikudhani Mkude!"

"Nipo," ukajibu mgongo.

Ulikuwa mgongo tu, bila Sikudhani. Umevaa gauni lake la bluu, umepinda vilevile alivyopinda yeye miaka kumi na mmoja mbele ya cherehani.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kitandani. Hawezi kuinuka. Kanituma nije, asiandikwe mtoro."

Naona ni sawa. Naweka alama ya vema kwenye daftari.

Mgongo unakaa, unainamia kazi. Meza inakohoa.

"Dada Eliwaza," inaniambia, "mimi nilichongwa kwa ajili ya watoto wa chekechea. Mtu mzima akinitumia, lazima ajikunje."

"Subiri bajeti," nasema. Ndivyo nilivyomjibu Sikudhani mwenyewe, mara tatu, kabla mgongo haujamlaza kitandani moja kwa moja.

Ukutani kuna tangazo: KILA BAADA YA SAA MOJA, NYOOSHA MGONGO. Nalisoma kwa sauti. Mafundi wanasimama, wanaubeba mgongo mpaka kwenye meza ya pasi, wanaunyunyizia maji na kuupiga pasi.

"Haunyooki," anasema Mama Tunu, fundi wa pasi. "Huu umejikunja siku nyingi."

"Ongeza moto."

"Dada, huu ni mgongo wa mtu."

Nageuka kutafuta mlango, nakuta nipo chumbani kwa Sikudhani. Amelala chali, mto chini ya magoti. Mwanawe, ambaye bado hajatimiza mwaka, ameshika ukingo wa kitanda na kuinua mkono mmoja. Anataka kubebwa.

"Nisaidie, dada," anasema Sikudhani.

Nambeba mtoto. Ananishika sikio, anacheka.

"Mzito?" anauliza mama yake.

"Kiasi."

"Mimi sijui uzito wake," anasema. "Huwa wananiwekea tu hapa ubavuni."

Nilimlaza mtoto pembeni yake, nikatoka nje. Palikuwa karakana tena, na mgongo ulikuwa ukinisubiri karibu na rundo la matofali. Tukafanya kazi. Mimi nilibeba, mgongo ukanionyesha pa kuweka, mawili chini ya kila mguu wa meza, mpaka ikapanda.

"Sasa kaa," nikauambia.

"Mimi basi tena, dada." Haukusema kwa hasira. "Jumatatu anaanza binti mpya. Mwambie asiiname."

Ukachukua mkoba wa Sikudhani, ukaenda zake taratibu, ukishikashika ukuta.

Niliamka nikilia. Nyumba yetu ni ya mabati na mbao, na sijagusa tofali mwaka huu. Lakini nilipokwenda kunawa, maji kwenye beseni yaligeuka mekundu. Kila ukucha ulikuwa umejaa vumbi la tofali.