Zamu ya Kosa

Wiki sita Mama Kadi alikaa nyumbani, mguu ndani ya plasta, na wiki zote sita roho yake ilikuwa kule ofisi ya maji. Jina hilo la Mama Kadi wenzake walimbandika kwa kejeli. Wataalamu walipokuja kufundisha kwamba kazi ikatwe vipande vya wiki mbili mbili, na kila kipande kiwe na kadi yake ubaoni, wengine walicheka, yeye akakomaa nayo. Wataalamu walipofungasha na kwenda zao, ni yeye aliyewakusanya wakuu wa vitengo kila Alhamisi mchana, kwenye stoo ya mita mbovu, wafundishane wenyewe kwa wenyewe. Sharti lilikuwa moja: mwenye zamu anaanza kwa kutoboa kosa lake la wiki.

Sasa mkurugenzi alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi hii anapita kukagua. Akikuta mbao za kadi zimelala, zinang'olewa, watu warudi kwenye mafaili.

"Zimeshakufa hizo," Mama Kadi alimwambia mumewe asubuhi. "Bila mimi nani awakusanye? Kimya?"

Kimya alikuwa fundi mkuu wa mabomba, mtu ambaye hata salamu aliiitikia kwa nyusi.

"Basi nenda ukazike, mke wangu," mumewe alimtania, akimpa magongo.

Mama Kadi akapanda ngazi za ofisi akihema. Kufika mlangoni, hee! Stoo imejaa pomoni, watu wameketi juu ya makreti ya mita. Hata wasoma mita, ambao yeye hakuwahi kuwaalika, walikuwemo. Mkurugenzi kasimama pembeni, mikono nyuma. Na aliyekuwa akizungumza, jamani, ni Kimya.

"Wiki hii nimechimbisha watu barabara nzima wakitafuta bomba lililopasuka," alisema. "Kumbe ni valvu tu imefungwa. Kadi yake ilikuwa kwenye ubao wa malalamiko tangu Jumatatu. Sikwenda kuutazama. Kiburi tu! Sasa nausoma ubao wao kabla ya wangu."

"Nani aliwaagiza muendelee na haya?" mkurugenzi akauliza.

"Hakuna, mzee. Tunaagizana."

Mama Kadi alijaa fahari mpaka machozi yakamlenga. Kimya akamwona.

"Karibu, dada. Umekuja siku yako. Tangu tuanze unatusikiliza tu, kosa lako hatujalisikia hata moja." Akaonyesha ubao. Kadi ya zamu yenye jina la Mama Kadi ilikuwa juu kabisa.

Mama Kadi akaegemeza magongo ukutani. "Haya. Kosa langu la wiki hii: nilidhani bila mimi mngekufa."

Stoo nzima ikaangua kicheko. Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani.

"Mbao zibaki," alisema. "Na mimi niandikieni kadi."

Jioni mumewe alimpokea mlangoni. "Haya, mazishi yamekwendaje?"

"Weee!" Mama Kadi akaingia kifua mbele, magongo na yote. "Maiti kanipangia zamu!"